Siri ya Mtungi na Kata: Vivinjari Vyetu Vinamlinda Nani?

Tuanze na simu.

Huku Alimbongo simu moja ya kugusa haina mwenyewe mmoja. Kaka ndiye aliinunua Butembo, lakini dada anaisomea, mama anampigia mjomba wa Beni, jirani anaiazima Jumapili aangalie picha za harusi. Asubuhi inapelekwa kwa mwenye umeme wa jua ichajiwe, inakaa pale mezani katikati ya simu za watu wengine, na namba yake ya siri nyumba nzima inaijua. Nani atasema hiyo ni simu ya mtu binafsi? Na bado karibu kila programu iliyo ndani yake imetengenezwa kana kwamba ina bwana mmoja, anakaa peke yake chumbani, mlango umefungwa.

Leo nataka kukosoa programu moja tu: kivinjari. Ni ile tunayofungulia kurasa za intaneti, iwe Chrome, Opera Mini, Firefox au ile iliyokuja na simu. Wengi hatuiiti hata jina, tunasema tu "ingia Google". Lakini sijui programu nyingine inayotujua namna hiyo. WhatsApp inajua unaongea na nani. Kivinjari kinajua unaogopa nini: ugonjwa usioweza kumwambia mama, kazi unayotafuta kabla ya kuacha ile uliyo nayo, habari za vita unazosoma usiku, swali la imani usiloweza kumuuliza padiri wala mchungaji. Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Sisi ni mtungi, kivinjari ni kata. Sasa niambie, kata hii inamtumikia nani?

*Kofia na miwani*

Wakati naandika TFC yangu, nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba moja ya kompyuta na fotokopi mjini. Rafiki akanifundisha: "Fungua dirisha la siri, lile la kofia na miwani, hakuna atakayekuona." Nikaamini. Siku moja nikatoka kidogo kununua mandazi, dirisha nimeliacha wazi. Aliyeketi nyuma yangu akakuta barua pepe yangu yote mbele ya macho yake. Kosa lilikuwa langu. Lakini hapo ndipo nilijiuliza kwa mara ya kwanza: lile dirisha linaficha nini hasa?

Jibu ni fupi. Ukilifunga, linafuta historia ya kurasa na alama zilizoachwa ndani ya mashine ile. Basi. Tovuti uliyoingia inakuona. Mwenye mtandao anaona unaelekea wapi. Mwenye kompyuta, kama ameweka programu ya kupeleleza, anaona pia. Kofia na miwani vinakuficha kwa yule atakayeshika simu baada yako, tena ukikumbuka kufunga.

Si mimi peke yangu niliyedanganyika. Mwezi wa sita 2020 watumiaji wa Marekani waliishitaki Google mahakamani, wakisema kampuni iliendelea kukusanya habari zao hata wakiwa ndani ya dirisha hilo. Mwaka 2024 pande mbili zilipatana: Google ilikubali kuharibu mabilioni ya rekodi zilizokusanywa na kueleza wazi zaidi kile ambacho dirisha hilo halifichi. Ni vizuri. Lakini tazama: ilihitaji miaka karibu minne na mawakili wakubwa ili neno "siri" lielezwe ukweli wake. Mwanafunzi wa Lubero aliyeliamini neno lile hakuwa na wakili.

*Kufuli iliyowekwa bila kuombwa*

Mtu ataniambia: ulinzi ni jambo la kila mmoja, ajifunze mipangilio, ajilinde. Hapana. Na ushahidi wa kunipinga haupo mbali, uko kwenye anwani ya karibu kila ukurasa unaofungua: zile herufi https, na katika vivinjari vingine ile kufuli ndogo.

Zamani kurasa nyingi zilisafiri wazi kama kadi ya posta. Yeyote aliyekaa njiani, mwenye mtandao au mwenye wifi ya hoteli, angeweza kuzisoma. Kisha watengeneza vivinjari wakaamua kubana. Mwezi wa saba 2018 Chrome ilianza kuandika kwamba tovuti yoyote isiyo na ulinzi huo "si salama". Hakuna mwenye tovuti aliyetaka kuandikwa hivyo mlangoni, na wakati huo vyeti vya ulinzi vilikuwa tayari vinatolewa bure na Let's Encrypt. Leo sehemu kubwa ya intaneti inasafiri imefungwa. Mwenye mtandao anaweza bado kuona jina la tovuti uliyoingia, lakini hasomi ukurasa gani, wala ulichoandika.

Mama anayeuza viazi sokoni hajui https ni nini. Hakusoma mpangilio wowote. Hakubonyeza popote. Na amelindwa sawa na profesa wa chuo kikuu. Huo ndio ulinzi wa kweli: ule unaokuja na chombo chenyewe, kama mpini unavyokuja na jembe.

Kwa hiyo tusiambiwe kwamba haiwezekani. Inawezekana, na kampuni ileile tunayoikosoa ilishasaidia kuifanya. Swali ni kwa nini ilifanya hili, na lile lingine ikalikimbia.

*Ahadi iliyoahirishwa*

Lile lingine ni vidakuzi. Mwaka 1994 fundi wa Netscape, Lou Montulli, alibuni njia ya tovuti kuacha kikaratasi kidogo ndani ya kivinjari chako ili ikukumbuke ukirudi. Si kitu kibaya. Ni kama ile namba unayopewa hospitalini: bila hiyo ungeanza foleni upya kila mara. Ubaya ulikuja pale ambapo kikaratasi kiliachwa na mtu wa tatu, kampuni ya matangazo yenye kipande chake ndani ya maelfu ya tovuti. Fikiria mtu mmoja anasimama mlangoni mwa kila duka, kuanzia Butembo hadi Kirumba, anaandika umeingia wapi, umeshika nini, umekaa dakika ngapi. Hajakuibia kitu. Lakini jioni anajua maisha yako kuliko mke wako.

Firefox ilianza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana, kwa kila mtumiaji na bila kuombwa, mwaka 2019. Safari ya Apple ilivifunga vidakuzi vyote vya watu wa tatu mwezi wa tatu 2020. Na Chrome, inayotumiwa na zaidi ya nusu ya watu wa intaneti duniani? Mwezi wa kwanza 2020 Google iliahidi kuviondoa ndani ya miaka miwili. Ikasogeza hadi 2023. Ikasogeza hadi 2024. Ikajaribu kwa asilimia 1 ya watumiaji. Ikasogeza tena hadi 2025. Mwezi wa saba 2024 ikasema haiviondoi tena, watu watachagua wenyewe. Mwezi wa nne 2025 ikasema hata lile swali jipya la kuwafanya wachague halitawekwa. Kama deni la mtu anayekuambia "pita kesho", mwisho anakuuliza: deni gani?

Tuwe wa haki. Mambo hayakuwa mepesi. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza iliingia kati, na kampuni nyingine za matangazo zilisema Google ingefunga mlango wa wenzake na kubaki na wake wazi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini hebu tuweke kufuli na kikaratasi kwenye mizani moja. Kufuli ilitulinda dhidi ya watu wengine, na haikupunguza mapato ya matangazo. Kufunga vidakuzi kungemlinda mtumiaji dhidi ya biashara inayomlisha mwenye kivinjari. La kwanza lilipita. La pili lilikufa. Sihitaji kuongeza neno.

Na wale wengine tusiwafanye watakatifu. Kesi ya Marekani juu ya ukiritimba wa Google ilifichua kwamba mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili ibaki mtafutaji wa kwanza ndani ya Safari. Mozilla, wenye Firefox, nao sehemu kubwa ya pato lao inatoka Google. Anayetulinda na anayetufuatilia wanakula sahani moja. Tena ulinzi haufiki kwetu wakati mmoja na wengine: Firefox ilipoanza kuyafunga kwa siri maswali ya majina ya tovuti, ili mwenye mtandao asiyasome kirahisi, mwaka 2020 iliwashwa kwanza kwa watu wa Marekani, bila wao kuomba. Sisi wengine tuliambiwa: ingia kwenye mipangilio, washa mwenyewe.

*Mega zina bei yake*

Sasa turudi kwetu, kwa sababu huku hatuchagui kivinjari juu ya siri. Tunachagua juu ya mega. Anayenunua mega za siku moja, na mtandao wenyewe unakuja na kuondoka na mawingu ya mlima, atachukua programu inayobana kurasa. Ndiyo maana Opera Mini imependwa Afrika miaka mingi. Na kazi yake ni nzuri kweli, nimeitumia, nimesomea.

Lakini tujue inavyofanya kazi. Katika hali yake ya kubana sana, ukurasa haukuji kwako moja kwa moja. Unapita kwenye seva za Opera, unafunguliwa kule, unabanwa, ndipo unaletewa. Kufuli inakuwa mbili: moja kati yako na Opera, nyingine kati ya Opera na tovuti. Katikati kuna mtu wa nyumba anayeweza kuona. Si wizi, kampuni yenyewe inaeleza. Ni mapatano. Ila ni wangapi kati yetu tulijua tumepatana?

Kuna ambao mapatano yao yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Citizen Lab, Chuo Kikuu cha Toronto, walichunguza UC Browser, nayo ikiwa maarufu kwa simu za bei ndogo. Katika toleo la Kichina walikuta utambulisho wa simu, wa kadi ya SIM na mahali mtu alipo vikitumwa bila ulinzi wa kutosha. Katika toleo la Kiingereza walikuta maneno ambayo mtu anatafuta yakisafiri wazi. Maskini analipa mara mbili: mara moja kwa mega, mara ya pili kwa siri yake, na hii ya pili haiandikwi kwenye risiti.

*Mkono unaoshika simu*

Hapa ndipo lawama yangu kubwa. Mijadala mingi ya vivinjari inamwogopa adui mmoja: mfanya matangazo. Ni adui wa kweli, lakini kwetu si yeye anayekuja wa kwanza. Wa kwanza ni mkono unaoshika simu yako.

Mkono wa ndani ya nyumba: msichana ametafuta dalili za mimba kwenye simu ya kaka yake. Kesho kaka anaandika herufi mbili tu na kivinjari, kwa wema wake wote, kinammalizia neno. Na mkono wa barabarani. Sitataja upande, maana wasomaji wangu wako pande zote na wanapita njia zote. Lakini tulioishi mashariki ya Kongo miaka hii tunajua maana ya kuambiwa kwenye bariera: "Lete simu. Fungua." Hapo hakuna anayeuliza habari za vidakuzi. Anaangalia picha, ujumbe, na kurasa ulizosoma. Ukurasa mmoja wa habari unaweza kugeuka ushahidi kwamba wewe ni wa fulani.

Utaniambia: futa historia kabla ya safari. Nilifikiri hivyo pia, mpaka nikaelewa tatizo lake. Simu tupu nayo inaongea. Mwenye bunduki akikuta historia imefagiliwa safi, anauliza: unaficha nini? Vilevile Chrome ya Android tangu 2023 inaruhusu dirisha la siri lifungwe kwa alama ya kidole. Ni hatua nzuri kwa simu ya familia. Lakini kwenye bariera kidole kinachoombwa ni chako, na kufuli yenyewe inatangaza kwamba kuna chumba cha ndani.

Hilo ndilo neno ninalotaka tubaki nalo leo. Ulinzi ambao mtu anautafuta peke yake unakuwa alama juu yake. Ulinzi uliowekwa kwa wote unakuwa ukuta. Kama kila kivinjari cha kila mtu kinasahau historia yake chenyewe baada ya muda mfupi, bila kuombwa, basi simu tupu inakuwa simu ya kawaida, na mwenye kuogopa anafanana na asiyeogopa. Wanaotengeneza Tor Browser walielewa hili zamani: hawajaribu tu kukuficha, wanajaribu kuwafanya watumiaji wao wote wafanane. Ubaya ni kwamba Tor ni nzito kwa mtandao wetu, na kuwa nayo tu kwenye simu ni alama nyingine. Somo lake ndilo linafaa kuingia katika vivinjari vya kila siku, vile ambavyo hakuna anayeulizwa kwa nini anavyo.

*"Mimi sina cha kuficha"*

Najua kuna watakaonijibu kwa methali: mficha uchi hazai. Kweli, mgonjwa anayemficha daktari hatapona. Lakini methali inasema juu ya kumfunulia yule anayeweza kukusaidia. Haikusema uvue nguo sokoni. Kuchagua nani akuone ndiyo heshima yenyewe.

Wengine watasema: wahalifu nao watajificha. Hoja hii siichezei, hasa sisi wa Beni na Lubero ambao tumezika watu. Lakini mhalifu mwenye pesa na maarifa ana njia zake tayari. Kinachokosekana ni ulinzi wa yule asiye na maarifa. Tukiacha ulinzi uwe wa kutafuta, wataupata wajanja, wabaya na wazuri pamoja, na mama wa viazi atabaki wazi.

Sheria tunayo. Katiba ya nchi yetu ya 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na siri ya mawasiliano yake. Tangu mwezi wa tatu 2023 tuna pia Sheria ya mambo ya kidijitali inayozungumzia ulinzi wa habari za watu. Siidharau karatasi. Lakini karatasi haifiki kwenye bariera, wala haiingii ndani ya mipangilio ya simu. Mpangilio ambao programu inazaliwa nao ndio sheria ambayo mtu wa kijijini anaishi chini yake kila siku, na hakuna bunge lililoupigia kura.

*Tudai nini, tufanye nini*

Kwa watengenezaji, madai yangu ni manne. Vidakuzi vya watu wa tatu vifungwe tangu siku ya kwanza, kwa wote. Historia ijisahau yenyewe baada ya siku chache, na anayetaka kuitunza ndiye abonyeze. Simu inayotumiwa na wengi itambuliwe kama kitu cha kawaida duniani, kila mtu awe na nafasi yake bila kelele. Na kubana mega kusilipwe kwa kufungua kufuli.

Kwetu, kuna ya usiku wa leo. Fungua mipangilio ya Chrome, sehemu ya siri na usalama. Kwa simu za Kifaransa tafuta "cookies tiers", uvizuie. Kwenye simu ya kuazima tumia Firefox Focus, ni ndogo, na ukigusa kitufe kimoja inafuta kila kitu. Kwenye nyumba ya fotokopi, funga dirisha kabla hujafuata mandazi.

Tena usijifunze peke yako. Mwenye diploma ya informatika katika kijiji chetu akiketi Jumapili moja baada ya misa, akapanga simu ishirini, zile za wazee na za akina mama nazo, zikawa na mpangilio mmoja, amefanya zaidi ya kulinda watu ishirini. Amefanya simu ishirini zifanane. Wakiwa ishirini wanaofanana, hakuna wa kunyoshewa kidole. Wakiwa mia mbili, hata swali lenyewe la "unaficha nini?" linakosa wa kumuuliza.

Kata itaendelea kujua siri ya mtungi, ndiyo kazi yake. Tunachodai ni kwamba isiipeleke kwa jirani.